Kitabu cha biashara na sanduku letu

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Goma. Tumeyaandika karibu sawa na vile yalivyosemwa.)



Niliombwa nijibu swali la vijana: mtu akisoma vitabu vya biashara, anaweza kuwa kiongozi wa kampuni changa, ile munaita startapu? Swali hili halikuja peke yake, limekuja pamoja na ombi. Vijana wetu wanaomba dola 1,500 kutoka sanduku la chama ili watengeneze programu ya simu. Mteja wa Himbi au Katindo atachagua mboga, maharagi na sambaza kwenye simu yake, na motari atazichukua kwa wamama wetu wanaouza soko la Virunga na kumpelekea hadi nyumbani. Wameandika mradi wa kurasa kumi na mbili. Ndani yake kuna majina ya vitabu vingi, na mbele kabisa kuna jina la PDG.

Wazee wamesikia wakasema: hapana, vitabu haviuzi maharagi. Vijana wamejibu: wazee hawataki maendeleo. Sikuja kuamua nani ana haki. Nimekuja kuonyesha namna ya kusoma vitabu hivyo ili visitupotezee sanduku, na namna ya kulinda sanduku bila kuwafunga vijana mikono.

Munajua sanduku lile lina nini. Benki za hapa zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025. Baada ya hapo, mwenye akiba benki hakuiona, na mwenye franga katika simu alijua anakatwa ngapi akitaka kuzishika mkononi. Sisi tuliorudi, wengine kutoka Uganda, Burundi na Tanzania, wengine kutoka kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka ule, wengine kutoka Ulaya kwa hiari au bila hiari, hatuna mlango mwingine wa kugonga usiku mtoto akishikwa na homa. Mlango ni sanduku. Kwa hiyo tukizungumza vitabu leo, tunazungumza pia dawa ya mtu.

Nianze na jinsi vitabu hivi vinavyoandikwa.

Vingi vinafanya kazi moja: vinatafuta walioshinda, vinaangalia walifanya nini, halafu vinatuambia tufanye vile vile. Kimoja kinachozunguka sana kwa WhatsApp ni Good to Great cha Jim Collins, Mmarekani, kilichotoka 2001. Yeye na wenzake walianza na kampuni 1,435, wakachuja mpaka zikabaki 11 zilizotoka kwenye wema wa kawaida zikafika kwenye ukubwa. Ni kazi ya bidii, siidharau. Lakini angalieni mwisho. Moja kati ya zile 11 ilikuwa Circuit City, maduka ya redio na televisheni. Mwaka 2009 ilifunga maduka yake yote. Nyingine ilikuwa Fannie Mae, kampuni ya mikopo ya nyumba. Septemba 2008 serikali ya Marekani ililazimika kuishika mkononi ili isianguke. Kitabu kilikuwa bado kinauzwa madukani.

Hilo linatufundisha nini? Kwamba ukitazama walioshinda tu, huwezi kujua ni nini kiliwashindisha. Labda walioanguka walifanya mambo yale yale, ila hakuna mtu aliyekwenda kuwauliza. Tuchukue mfano wa kwetu. Ukienda Birere ukamuuliza mwenye depo kubwa kwa nini amefaulu, atakuambia: mimi nilithubutu, nilikopa, niliweka yote. Mwandishi ataandika: siri ya kufaulu ni kuweka yote. Lakini wale kumi waliokopa mwaka ule ule, wakaweka yote, na mzigo ukapotea njiani, hawako Birere ili waulizwe. Wengine wao wako humu ndani, wananisikiliza. Kama mwandishi angewauliza hao, angeandika kitabu kingine.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kusoma ni hii: kila mara kitabu kikikuonyesha mshindi, uliza waliofanya kama yeye wakashindwa wako wapi. Kama kitabu hakijui, usichukue franga ya mtu mwingine kwa ajili ya ukurasa huo.

Je, tuvitupe basi? Hapana. Kuna vinavyotufaa sana.

Mama mmoja mwalimu wa chuo kikuu, Saras Sarasvathy, Mhindi anayefundisha Marekani, alitafuta watu 27 waliokwisha kuanzisha na kuongoza kampuni kwa miaka mingi. Hakuwauliza siri yao. Aliwapa fumbo la biashara moja, sawa kwa wote, akawaambia: fikirini kwa sauti, mimi naandika. Makala yake ya kwanza juu ya jambo hilo ilitoka 2001. Aliona nini? Wengi wao hawakuanza na ndoto kubwa halafu wakatafuta mtaji wa kuifikia. Walianza na vitu vilivyokuwa tayari karibu nao: mimi ni nani, najua nini, namjua nani. Tena hawakuanza kwa kuuliza nitapata faida ngapi. Waliuliza: nikipoteza, naweza kupoteza kiasi gani na bado nisimame?

Wamama wa hapa watacheka, maana hiyo ni akili ya soko la Kituku kila asubuhi. Wazee wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtengenezaji wa chukudu hangojei kiwanda cha baiskeli. Anachukua mti, mpira wa tairi la zamani na rulema mbili, kesho chombo kinabeba makala au magunia ya viazi. Leo chukudu ina sanamu yake katikati ya mji wetu. Kwa hiyo musidhani vitabu vinaleta jambo geni. Mara nyingi vinatoa jina na mpangilio kwa jambo ambalo mama zetu wanafanya bila kuliandika.

Lakini kuliandika kuna faida. Tuhesabu pamoja. Tuseme mama mmoja anauza sambaza, ana dola 60 mkononi. Chakula cha nyumba cha wiki hii ni dola 20. Shule ya watoto, 15. Anaweka 15 kwa ugonjwa. Jumla 50. Imebaki dola 10. Hiyo 10 ndiyo hasara anayoweza kuibeba. Hata kama kitabu kinamwambia athubutu, kuthubutu kwake kunakomea kwenye dola 10. Akiweka 30 kwenye wazo jipya hajawa jasiri zaidi, amechukua tu chakula na daftari za watoto akazichezea bila kuwaambia.

Sasa mutazame ombi la vijana kwa macho hayo. Dola 1,500 katika sanduku letu zinatoka upande gani? Upande wa ugonjwa na mazishi, au upande wa akiba? Na nani ameshakubali kuzipoteza? Katika kurasa kumi na mbili sikuona ukurasa unaojibu hilo. Siwalaumu. Vitabu walivyosoma viliandikwa kwa watu wenye benki wazi, wenye sheria ya kufilisika, wenye mwekezaji anayetia pesa katika kampuni kumi akijua saba zitakufa. Mwekezaji kama huyo akipoteza, jioni anakula. Kwetu aliyeweka mtaji ni jirani, na akipoteza, mtoto wake hatakwenda shule.

Kanuni ya pili basi: kabla ya kusoma sura ya kukua, andika hasara unayoweza kuibeba, na jina la mtu mwenye ataibeba.

Kitabu cha tatu ni kile vijana wanakipenda zaidi, The Lean Startup cha Eric Ries, cha mwaka 2011. Mara nyingi kinasomwa kama kitabu cha programu za simu. Kwa kweli sehemu yake bora ni hadithi ya kazi iliyopotea. Ries na wenzake walianzisha kampuni inayoitwa IMVU. Walikaa miezi sita wakitengeneza programu ya watu kuongea na marafiki zao kwa sanamu za kuchorwa. Walikesha, waligombana, wakaitoa. Watu hawakuitaka. Walipokaa na wateja na kuwauliza, wakagundua kwamba kisio lao la kwanza lilikuwa la uongo: wateja hawakutaka kuwaalika marafiki wa zamani, walitaka kupata marafiki wapya. Ries akajiuliza: hilo tungeweza kulijua bila kutengeneza kitu chochote? Jibu lilikuwa ndiyo. Fundisho lote la kitabu linatoka hapo. Andika kisio lako, lijaribu kwa kitu kidogo kabisa, pima, halafu amua kuendelea au kugeuka.

Tena musidhani ni mambo ya Wazungu wa California peke yao. Hapa karibu, Kenya, kuna mfano ambao kila mmoja wetu anaubeba mfukoni. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walifanya jaribio pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu, Nairobi na Thika. Kisio lao lilikuwa kwamba simu itawasaidia watu kulipa mikopo yao. Watu wa jaribio walipewa simu, wakaonyeshwa. Halafu wakaanza kuzitumia kwa mambo mengine: huyu anamtumia mwenzake, yule anamlipa muuzaji, mwingine anaweka franga kwenye simu kabla ya safari ili asiibiwe njiani. Wenye jaribio wangeweza kukasirika. Wao wakaangalia, wakaandika, wakageuza mpango. M-Pesa ilipofunguliwa kwa watu wote Machi 2007, mkopo haukuwa tena mbele. Mbele kulikuwa na kutuma pesa nyumbani. Ilifika kwetu Kongo kupitia Vodacom mwaka 2012. Kama wangekaa na kisio la kwanza kwa kiburi, leo tungekuwa na nini mikononi?

Narudi kwa programu ya vijana wetu. Ombi linasema dola 1,500. Kitabu chao wenyewe, wakikisoma vizuri, kinasema: kwanza jaribuni bila programu. Mukuwe na simu moja na kikundi kimoja cha WhatsApp. Wamama watatu wa Virunga, motari mmoja mwaminifu, wateja kumi wa Himbi. Wiki mbili. Mteja aandike asubuhi, alipe kwanza, mzigo umfikie kabla ya saa sita. Gharama ni mafuta ya moto, yunite za simu na mfuko wa kubebea, na dola 40 zinatosha. Kabla ya kuanza, andikeni kwenye karatasi mbele ya chama: tunakisia kwamba wateja sita kati ya kumi wataagiza tena wiki ya pili, na kwamba watakubali kulipa safari ya motari juu ya bei ya soko. Mutie sahihi.

Kwa nini muandike kabla? Juu ya kwamba mtu akishaona matokeo, moyo wake unabadilisha alichokisia. Wakiagiza wawili tu, atasema: mimi nilijua, mwanzo huwa mgumu, tuongezeeni. Karatasi haibadiliki. Wakiagiza wawili, tumejifunza kwa dola 40 kitu ambacho kingetugharimu 1,500. Wakiagiza saba, sanduku litazungumza nanyi kwa lugha nyingine, na mzee aliyesema hapana atakuwa na sababu ya kusema ndiyo.

Hiyo ndiyo kanuni ya tatu: kila sura unayoisoma itoe swali moja la kupeleka sokoni ndani ya wiki hiyo. Sura isiyotoa swali, uifurahie kama hadithi, lakini usiiletee sanduku.

Nataka sasa kuwatajia watu wa kwetu, ili musiseme mifano yote inatoka mbali.

Washikala Malango na Iongwa Mashangao ni watu wa Baraka, Kivu ya Kusini. Vita iliwafukuza wakiwa wadogo, wakakulia ukimbizini Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu. Wanajua ni nini kusoma usiku kwa taa ya mafuta, moshi machoni. Walirudi, na mwaka 2013 wakaanzisha Altech, kampuni ya kuuza taa za sola kwa watu wasio na umeme. Baadaye waliongeza mitambo ya sola ya nyumba inayolipwa kidogo kidogo, na majiko yanayokula makala kidogo. Leo Altech inajulikana katika majimbo mengi ya nchi. Mukiwapima kwa maswali ya Mama Sarasvathy, mutaona. Ni nani? Watu waliorudi. Wanajua nini? Giza, bei ya petroli ya taa, na namna familia inavyolipa inapokuwa na kidogo. Wanamjua nani? Watu wa nyumbani kwao. Ukimbizi ambao wengine wanatuhesabia kama upungufu uliwapa ujuzi wa mteja ambao hauuzwi dukani.

Hapa hapa Goma kuna Nuru. Wengi wenu munaona paneli zake upande wa Ndosho. Ilianza kwa jina la Kivu Green Energy, na Mkongomani Archip Lobo ni mmoja wa walioianzisha. Hawakuanza na Goma. Mwaka 2017 waliweka mtambo mdogo Beni, wa kilowati 55 hivi. Walijifunza pale: nyaya, wateja, malipo. Mwaka 2020 ndipo walipowasha mtambo wa Goma wa megawati 1.3, zaidi ya mara ishirini ya ule wa Beni. Na mwaka 2023 wawekezaji wakawapa zaidi ya dola milioni 40. Kijana anayeona milioni 40 tu hajasoma hadithi nzima. Mwanzo wake ni kilowati 55 za Beni.

Sasa nifike kwenye neno kiongozi, maana swali lilikuwa juu ya uongozi.

Vitabu vinamchora kiongozi kama mtu mwenye maono. Kwetu maono hayakosekani. Kila kijana hapa ana maono, na wengine wana kadi iliyoandikwa PDG kabla ya kuuza kitu. Kinachokosekana ni mtu ambaye akishika franga za wengine, wengine wanalala usingizi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mji ambao benki zilifunga, ambao bei inahesabiwa kwa dola asubuhi na kwa franga za Kongo jioni, ambao barabara inaweza kufungwa kesho, ambao volkano iliunguza katikati ya mji Januari 2002 na ikatutoa tena mbio Mei 2021, kiongozi hawezi kuahidi kwamba hakuna hasara. Anachoweza kuahidi ni kwamba hasara ikija, kila mtu ataiona kwenye daftari siku ile ile, na hakuna mtu atakayebeba zaidi ya alichokubali.

Mfumo wa sanduku letu una akili hiyo tayari. Munajua AVEC zetu zilitoka wapi? Zilianzia Niger, eneo la Maradi, mwaka 1991, kwa wamama wa kijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Walikuwa na desturi ya kuchanga kama likelemba yetu, na mfumo ukaendelea kuongezewa mpaka leo tuna sanduku, hisa, daftari, na kufuli tatu zenye funguo kwa watu watatu. Watu wanadhani funguo tatu ni kwa sababu hatumwamini mtunza sanduku. Mimi naziona upande wa pili: zinamlinda yeye. Shemeji akija usiku na shida ya uongo, Mama anajibu bila aibu: ufunguo wangu peke yake haufungui.

Mo Ibrahim, Msudani aliyeanzisha Celtel mwaka 1998, alitumia akili ile ile. Celtel munaikumbuka, ndiyo iliyokuwa Zain halafu Airtel. Aliweka sheria kwamba malipo makubwa lazima yapitishwe na bodi nzima. Hivyo mkubwa fulani akimwomba meneja wa nchi rushwa, meneja anajibu: siwezi, hata nikitaka. Kampuni iliuzwa mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4. Kati ya wamama wa Maradi na tajiri wa simu sheria ni moja: kiongozi mwerevu anajifunga mikono mwenyewe mapema, mbele ya watu.

Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu ujao naomba wanachama wapige kura juu ya mambo manne.

Kwanza, sanduku ligawanywe wazi katika pande tatu: upande wa ugonjwa na mazishi, upande wa akiba na mikopo, na upande mdogo wa kujaribu mawazo mapya. Upande wa kwanza usiguswe na mradi wowote, hata uwe mzuri namna gani.

Pili, upande wa kujaribu ujazwe na wale wanaotaka tu, kila mmoja akiandika kwa sahihi yake au kidole chake kiasi anachokubali kukipoteza.

Tatu, hakuna jaribio la kwanza litakalopita dola 50. Kila jaribio lianze na karatasi ya makisio na liishe na hesabu mbele ya wote, limefaulu au limeshindwa. Karatasi za yaliyoshindwa zitunzwe vizuri kuliko za yaliyofaulu. Hicho ndicho kitabu ambacho hakuna mtu atakayetuandikia tusipokiandika wenyewe.

Nne, tuanzishe saa ya kusoma, Jumamosi mara mbili kwa mwezi. Sura moja tu. Asomaye Kifaransa au Kiingereza asome na kueleza kwa Kiswahili, kwa sauti. Mama asiyejua kusoma asikae mlangoni, akae katikati, maana yeye ndiye anajua bei ya maharagi ilivyopanda barabara ya Rutshuru ilipofungwa. Kijana ataleta sura, mama ataleta soko, na swali la wiki litatoka kwa wote wawili. Kijana ambaye hataki kusahihishwa na mama wa Virunga bado hajawa tayari kuongoza kampuni inayomtegemea mama wa Virunga.

Kwa wafadhili wetu nina neno fupi. Kazi yangu ni ya kutembea vijijini, na nimeona mengi katika zile kazi ndogo za kuleta faida ambazo mashirika yanaita AGR. Watu waliorudi kijiji kimoja wanapewa wote cherehani. Baada ya miezi michache, cherehani ni nyingi kuliko nguo za kushona, na nyingine zinauzwa kwa nusu ya bei. Si kwamba watu ni wavivu. Kisio liliandikwa ofisini, na hakuna aliyelijaribu kijijini kabla ya kununua mashine. Tunawaomba hivi: mutusaidie kujaza upande wa kujaribu, kidogo kidogo, na mutuulize daftari kabla ya kutuuliza picha. Tukiwaletea hesabu ya jaribio lililoshindwa, musitukimbie. Imewaokoa na hasara kubwa zaidi.

Na ninyi vijana, ombi lenu halijakataliwa. Nimezungumza na Mama Mtunza Sanduku. Amesema dola 40 za jaribio, yeye na wenzake wawili wenye funguo wako tayari kuzileta mbele ya mkutano wapate ruhusa. Kinachobaki ni ninyi kuleta karatasi ya makisio, majina ya wateja kumi, na motari mwenye atakubali kuanza. Zile kurasa kumi na mbili muziweke kabatini kwanza. Tutazisoma pamoja baada ya wiki mbili, tukiwa na hesabu mezani.

 Kama kuna swali, hata la kunipinga, nakaa hapa mpaka liishe.